Sababu ya Kuomba

Orodha ilitoka siku ya kuchambua viazi. Wanawake walikuwa wameketi juu ya magunia nyuma ya ghala la shosho Igoki, bibi mzee wa kijiji, pale Kibirichia, wakitenga vya mbegu na vya kuuza, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Wanjira, jirani yao, akatokea upande wa barabara akikimbia, simu ameiinua juu.

"Mama Wamuyu! Mtoto amepata! Basari imetoka!"

Kajuju, mama yake Wamuyu, aliinuka ghafla, viazi vikamtoka mapajani na kubingirika hadi kwenye matope. Hakuvijali. Tangu binti yake aitwe shule ya sekondari na yeye kumwombea msaada huo wa karo, alikuwa akilala na kuamka na swali moja: nitampeleka na nini? Yeye ni mwanamke wa kibarua. Shosho Igoki alimpa chumba cha uani na kazi ya shamba, lakini shosho mwenyewe ni mjane wa viazi. Mwaka huu bei iko, mwaka ujao vinaozea ghalani.

"Soma," alisema. "Soma nisikie jina lake."

"Wamuyu Thuranira," Wanjira akasoma kwa sauti ya kanisani. "Kijiji, Kibirichia. Amekubaliwa!"

Vigelegele vikapigwa. Shosho Igoki alijipigapiga kifua kama mtu aliyeshinda kesi. Na kweli alikuwa ameshinda. Ni yeye aliyesimama barazani kiangazi kilichopita akawafokea wakubwa mbele ya watu: "Basari zinaenda kwa nyumba zenye magari! Tunataka majina yaonekane! Yatoke kila mtu aone!" Watu walimpigia makofi mpaka chifu akaomba utulivu. Sasa majina yametoka, yako kwenye mtandao wa ofisi ya basari, hata mtu akiwa Mombasa anayasoma.

"Kuna kitu kingine huku mwisho," Wanjira alisema, akisogeza kioo kwa kidole. "Wameandika 'Sababu ya kuomba.' Ngoja. Huyu si ni mtoto wa fundi wa viatu? 'Baba mlevi.' Uuui!"

Wanawake wakacheka wakishikana mabega.

"Na huyu ni wa Kanini. 'Mama mgonjwa, anatumia dawa za...'"

Wanjira akanyamaza. Amechelewa. Kanini alikuwa ameketi pale pale, magunia mawili kutoka alipo. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, ila sasa alikuwa akitupa viazi vizuri upande wa vibovu.

"Na yangu?" Kajuju akauliza.

"Wacha tu, mama Wamuyu."

"Soma."

Wanjira akasoma polepole, kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtu. "'Mama alimtoroka mume kwa sababu ya kupigwa. Wanaishi kwa mjane Igoki, nyuma ya ghala la viazi.' Halafu wameweka namba yako ya simu."

Hakuna aliyecheka.

Kajuju alimkumbuka yule karani msichana aliyempokea siku ya kujaza fomu. Alimwambia kwa upole: "Mama, eleza tu ukweli, ndio tukusaidie." Naye alieleza, kama mtu anavyomweleza daktari. Nani humwambia daktari mambo yake akitegemea yabandikwe mlangoni?

*

Simu ililia kesho yake asubuhi, Kajuju akikamua ng'ombe wa shosho.

"Habari ya Kibirichia?" sauti ikasema. "Nasikia huko ni baridi sana. Umezoea?"

Maziwa yaliendelea kudondoka kwenye ndoo kidogo, halafu yakakatika. Ilikuwa sauti ya Ndwiga, mume aliyemwacha kule Siakago, upande wa Embu kwenye joto na mbaazi.

"Umepata wapi namba hii?"

"Si mmeiweka wenyewe? Kajuju, wewe ni mjanja, nakupa heshima yako. Ulibadilisha laini. Mtoto ukampa jina la baba yako, Thuranira. Lakini Wamuyu ni jina la mama yangu. Kila mara orodha zikitoka, za mitihani, za basari, za nini, mimi naandika tu jina la mama kwenye simu. Huko Meru akina Wamuyu ni wangapi?" Akacheka kidogo. "Nitakuja Alhamisi. Ninakuja kuchukua watu wangu."

Akakata.

Mtu asimwite Kajuju mjinga kwa kuliacha jina hilo. Kwa watu wa huko, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, na jina hilo halivuliwi kama koti. Na bado kuna jingine. Wamuyu mzee, mama yake Ndwiga, ndiye aliyemfungulia mlango Kajuju siku ile akitokwa na damu puani. Alimfunga mtoto mgongoni kwa leso yake mwenyewe, akampa nauli aliyoificha kwenye kibuyu, akamwambia, "Nenda mbali, na usiniambie ni wapi." Mzee yule sasa ni marehemu. Kajuju angewezaje kulifuta jina lake? Alibadilisha kila kitu, akaacha hilo.

Shosho Igoki alimkuta akikunja nguo za mtoto.

"Unaenda wapi?"

"Sijui. Isiolo. Popote. Ndwiga amepiga simu, anakuja Alhamisi."

"Na basari?"

Kajuju akakunja sketi nyingine. Basari ni ya wadi hii, ya wakazi wake tu. Akihama, imekufa, na shule imekufa nayo. Akibaki, Alhamisi inakuja.

"Weka hizo nguo chini," shosho akasema. "Kwanza twende Meru mjini, hiyo kitu itolewe. Mimi ndiye niliyepiga kelele iwekwe. Nitapiga ingine itolewe."

*

Ofisi ya basari ilikuwa na viti vya plastiki na foleni iliyofika nje. Walipofika mbele, mkubwa wa basari, bwana mmoja aliyeitwa Ngari, alikuwa akinywa chai huku akiangalia kompyuta.

"Shida ni gani?"

"Ni hiyo orodha, bwana," Kajuju akasema chini chini.

"Ongea kwa sauti, mama. Hapa kuna makelele."

Basi ikabidi aongee kwa sauti. Nyuma yake watu wa foleni waliacha kuongea, kama watu wanavyofanya wakisikia kitu cha kubeba nyumbani. Ngari aliandika kwenye kompyuta, akapata.

"Ndiyo. 'Mama alimtoroka mume kwa sababu ya...'"

"Usisome!"

"Mama, si iko hapa wazi? Hii ni rekodi ya umma. Mlisema tunaficha, tumeacha kuficha. Sasa tena mnataka tufiche?" Akamtazama shosho. "Wewe si ndiye wa baraza la Kibirichia? Nilikuwepo. Ulitufokea sana."

"Ndiyo ni mimi," shosho akasema. "Nilisema majina yaonekane. Sikusema mvue watu nguo."

Foleni ikacheka. Ngari hakupenda.

"Leteni barua ya chifu. Kamati itakaa mwezi ujao, itaamua. Mimi siwezi tu kufuta kwa sababu mtu amegombana na bwana yake. Anayefuata!"

"Mwezi ujao!" Kajuju akasema. "Anakuja Alhamisi."

"Anayefuata, nimesema."

Nje, kando ya mama wa kuuza ndizi, Kajuju aliketi kwenye ukingo wa mtaro. Hakulia. Alisema tu, "Shosho, nilimwambia yule karani mambo ambayo hata mama yangu mzazi sijamwambia." Shosho Igoki alinunua ndizi mbili, akammenyea moja kama anavyomenyewa mtoto, akamsubiri aimalize.

*

Alhamisi Ndwiga alikuja mchana, kweupe, amevaa koti safi, na mkononi ana mkate na sukari. Ndivyo alivyokuwa. Mbele za watu hakuna mtu mwenye adabu kumshinda. Wamuyu alikuwa amepelekwa kwa Wanjira. Kajuju alisimama kwenye mlango wa jikoni, na mfuko wa nguo nyuma ya mlango. Alikuwa ameapa kwamba hatapigwa tena, lakini mwili ulikuwa umeshaanza kujikunja wenyewe.

"Hodi, mama. Nimekuja kwa amani."

"Amani ni nzuri," shosho Igoki akasema. "Keti. Unatoka Siakago, sivyo? Na mwiriga wenu ni upi?"

Hilo ni swali la kawaida. Huko mgeni huulizwa ukoo wake kabla hajaulizwa njaa. Ndwiga akautaja ukoo wake bila kufikiri.

Uso wa shosho ukabadilika. Alimtazama kijana huyo toka kichwani hadi viatuni, halafu akainuka, akaingia nyumbani, akatoka na kiti cha marehemu mume wake, ambacho hakikukaliwa na mtu.

"Hama hapo kwenye gunia. Keti hapa," akasema. "Kajuju! Chai. Ya maziwa matupu, usitie maji."

Kajuju akaugeukia mfuko wa nguo nyuma ya mlango. Ameniuza, akawaza. Ameona koti na sukari, ameniuza. Hata hivyo aliteleka, kwa kuwa mikono haikujua la kufanya lingine. Alipoleta chai, shosho alimpa mgeni kikombe kwa mikono miwili, na wakanywa wote wawili.

"Mwanangu," shosho akasema, "mzee wangu alipokuwa hai aliniambia, ukiona mtu wa ukoo huo kutoka Mbeere, huko kwenu, hata akiwa mtoto wa kunyonya, mpe kiti changu. Ukoo wenu na wetu ni gichiaro."

Ndwiga akatua kikombe.

Alijua. Nani wa huko asiyejua? Gichiaro ni undugu wa kiapo walichokula wazee wa ukoo mmoja na wa mwingine zamani za kale. Ndugu wa gichiaro humdanganyi. Humgusi kwa ubaya. Akikuomba kilicho chako, humnyimi, na ukimnyima, watu watakuonyesha ng'ombe waliokauka na watoto waliochanganyikiwa wa wale waliowahi kujaribu. Ndwiga akiwa mdogo alimwona baba yake akimfungulia mtu asiyemjua dume la ng'ombe, kwa kuwa tu mtu huyo alipita akalisifu.

Lakini kiapo hukata pande zote mbili, na Ndwiga hakuwa mpumbavu. Tabasamu likamjia taratibu.

"Kumbe niko nyumbani," akasema. "Basi mama, nina ombi."

"Omba."

"Nipe mke wangu na mtoto wangu."

Kajuju alishika mwimo wa mlango. Shosho Igoki alifutafuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba.

"Nimesikia," akasema. "Na mimi siwezi kukunyima changu. Ng'ombe ni wangu. Ukisema ng'ombe, nitaenda kumfungua sasa hivi, na sitalia mpaka uvuke barabara. Viazi ni vyangu, ghala lile pale. Nyumba hii ni yangu. Chagua. Lakini Kajuju si wangu. Alikuja hapa kwa miguu yake, anakula kwa jasho lake. Mtoto ni wa aliyembeba. Sasa mwanangu, nitakupaje kitu ambacho si changu? Huo si utakuwa wizi, na wizi kati ya gichiaro unaujua."

Ndwiga hakumtazama ng'ombe; alimtazama Kajuju.

"Kama hutaki ng'ombe," shosho akaendelea, "basi ni zamu yangu. Mimi naomba kilicho chako. Naomba mkono wako, usimguse tena huyu. Naomba mdomo wako, usimpigie simu. Naomba miguu yako, isifike hapa wala shuleni kwa mtoto. Hivyo vyote ni vyako, si vya mtu mwingine."

"Hayo ni mambo ya wazee," Ndwiga akasema.

"Basi kataa. Nani amekushika? Barabara ni ile."

Ndwiga aliitazama barabara. Akatazama kikombe chake ambacho alikuwa amekimaliza. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na ni Kibirichia, mahali mtu huvaa sweta mbili. Akamgeukia Kajuju kwa hasira.

"Wewe ndiye umenitafutia hii."

Kajuju alitoka mlangoni. Alishangaa kujisikia akitembea, na alishangaa zaidi kusikia sauti yake ni ya kawaida.

"Mimi sikukutafutia kitu. Lakini nitakuambia usilolijua. Siku ile nilipotoka, ni mama yako aliyenifungulia mlango. Leso niliyombebea mtoto ni yake. Nauli ni yake. Ndiyo maana jina lake bado liko kwa mtoto, na litabaki. Unaandika jina la mama yako kwenye simu kunisaka, na yeye mwenyewe alinificha."

Ndwiga alikaa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mama alifanya hivyo?"

"Alifanya."

Akainuka. Hakumtazama mtu. "Nimekubali," akamwambia shosho, karibu hasikiki.

"Sema vizuri, mzee wangu asikie huko aliko."

"Nimekubali! Mkono, mdomo, miguu. Nimekubali."

"Asante. Sasa huwezi kutoka kwangu mikono mitupu." Na kwa kuwa kwa gichiaro hakuna kukataa, mtu yule wa koti safi alipanda hadi barabarani na nusu gunia la viazi begani, udongo ukimwagika kwenye kola.

Kajuju aliketi chini pale pale alipokuwa. Shosho akainua kikombe chake, kikawa kinagonga meno.

"Ona," akasema, "natetemeka mpaka sasa. Nilidhani atasema ng'ombe."

Wakacheka mpaka machozi. Halafu Kajuju akafuta macho, akauliza, "Shosho, na kama hangekuwa gichiaro?"

Shosho hakucheka tena. "Basi tungekuwa tunaongea mengine."

"Wanawake wa ile orodha, wako wengi kama mimi. Wana shosho wa gichiaro?"

"Hawana."

"Basi kesho tunarudi kwa Ngari."

"Tutarudi. Lakini kwanza tunapita polisi uandikishe kwenye OB, kitabu chao cha matukio. Gichiaro ni gichiaro, na OB ni OB."

*

Safari hii hawakwenda wawili. Kanini alikuja, amevaa kitambaa cha kanisa. Alikuwa ameacha kuuza chai stendi kwa sababu wateja walianza kuja na vikombe vyao. Fundi wa viatu alikuja pia, hajalewa, na mtoto wake aliyesema hatarudi shuleni, kwa kuwa wenzake walimwita kwa maneno ya orodha, 'Baba mlevi'. Wanjira alikuja kwa kuwa alijua bado ana deni la kile kicheko cha nyuma ya ghala.

Ngari alipowaona alianza, "Barua ya chifu..."

"Iko hapa," Kajuju akasema. "Na ya polisi iko hapa. Mume wangu alifika Alhamisi, kama nilivyokuambia. Alisoma mpaka ghala ninaloishi nyuma yake. Kama angenikuta kwenye njia, leo ungekuwa unaletewa habari yangu, si mimi." Safari hii aliongea kwa sauti bila kuambiwa, na foleni yote ikasikia. "Bwana Ngari, una watoto?"

"Nina watoto."

"Wakiomba kitu serikalini, ya nyumbani kwako utaandika nini hapo pa sababu? Na uweke namba ya simu."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Jibu, mkubwa!" Mwingine akasema jina lake pia limo, pamoja na ugonjwa wa akili wa mama yake, na hakujua mpaka alipotumiwa orodha na mpangaji mwenzake. Ikawa mmoja baada ya mwingine. Ngari aliacha chai ikapoa. Si mtu mbaya, ni mtu ambaye alipewa fomu nzima akaipandisha mtandaoni ilivyo, kwa kuwa kutenga la wazi na la siri kulikuwa kazi.

"Sasa mnataka nifute yote?" akauliza. "Halafu mseme basari imeliwa?"

Lilikuwa swali la kweli, hata Kajuju aliliona. Shosho Igoki ndiye aliyekunja uso zaidi. "Mimi sitaki ifutwe," akasema. "Ikifutwa, wenye magari watarudi."

"Weka shule, weka wadi, weka pesa ilivyo," Kajuju akasema polepole, akifikiri kwa mdomo. "Mtoto mpe namba, na shule iwe na jina la hiyo namba kwa siri. Anayetaka kujua kama imeliwa aende shule na kamati, ahesabu vichwa vya watoto. Atajua zimefika. Hatajua nani alipigwa."

Ngari alimtazama, halafu akaita yule karani msichana, naye alikuja akiwa hawezi kumtazama Kajuju usoni. Orodha ile ya kwanza ilitolewa mtandaoni siku hiyo hiyo. Kwenye simu za watu iliendelea kuzunguka, maana kilichoingia huko hakiitiki ukikiita kirudi, na Kajuju alilijua hilo. Alibadilisha namba tena. Kanini alirudi stendi, na siku ya kwanza shosho Igoki, Wanjira na wanawake wote wa viazi walikwenda kunywa chai kwake, kwa vikombe vyake, kwa kelele nyingi, mpaka wengine nao wakaagiza.

Ndwiga hakupiga simu, wala hakufika.

Muhula ulipoanza, wazazi waliitwa shuleni kwa Wamuyu. Kwenye ukuta wa ofisi kulikuwa na orodha mpya ya waliopata basari, safu ndefu ya namba. Mama mmoja mnene, mcheshi, alisimama kando ya Kajuju akichungulia.

"Hata haijulikani ni kina nani! Na wewe una mtoto hapo?"

"Ninaye."

"Ni yupi?"

Kajuju alipitisha macho kwenye namba zote, kutoka juu hadi chini, bila haraka.

"Ni mmoja wao," akasema, na akaenda kumtafuta binti yake.